Je, Wajua? Wimbi Lako la Kwanza

Je, wajua kuwa wimbi linalokulowesha vidole leo huenda lilizaliwa na dhoruba ya juma lililopita, upande mwingine wa dunia? Mwaka 1963 mwanasayansi Walter Munk na wenzake waliyafuatilia mawimbi kutoka bahari za kusini, jirani na Antaktika, mpaka Alaska. Zaidi ya kilomita 10,000! Mwendo wote huo, halafu linakuja kufia miguuni pako, nawe unalikwepa usilowe suruali.

Na linavunjika lini? Likigusa chini. Wimbi la mita 1 huanguka kwenye maji ya kina cha mita 1 na ushei, hapohapo unapoweza kusimama. Kwa hiyo ukitaka kujifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, usiulize kwanza habari za hoteli. Uliza chini kuna nini: mchanga au mwamba?

Ukijibiwa mwamba, sikia haya. Olimpiki ya Paris ya 2024 ilipeleka mchezo huu Teahupo'o, kisiwani Tahiti, zaidi ya kilomita 15,000 kutoka Paris! Wimbi la pale linatoka kwenye maji marefu, linaukuta mwamba ghafla, linapinduka kama blanketi zito. Ukiteleza vibaya, kinachokupokea ni matumbawe.

Au unavutiwa na Nazaré, Ureno? Tarehe 29 Oktoba 2020 Sebastian Steudtner aliteremka wimbi la mita 26.21. Panga ghorofa nane, kisha jiweke dirishani juu kabisa na kibao miguuni! Siri iko chini ya maji: korongo refu linaloishia karibu na ufuo, ndilo linaloyakusanya mawimbi na kuyainua. Kapige picha, urudi.

Sasa nikupeleke ninapopapenda: Muizenberg, Cape Town. Mchanga mtupu, chini panashuka taratibu, mawimbi yanakuja kwa adabu, mstari baada ya mstari. Vibanda vya mbao vimesimama ufuoni, vyekundu, vya njano, vya buluu. Unajua nani alijifunzia pale mwaka 1922? Agatha Christie! Ndiyo, yuleyule wa riwaya za mauaji. Mwaka huohuo akaenda Waikiki, Hawaii, akasimama wima juu ya ubao. Mawimbi ya huko yalimchania vazi lake la kuogelea la hariri, akaenda dukani kununua jingine, la sufu, rangi ya zumaridi. Akarudi majini!

Subiri, ya Muizenberg hayajaisha. Ghuba ile ilijulikana kwa papa weupe wakubwa, na tangu 2004 kuna watu wanaolipwa kukaa mlimani na darubini wakitafuta papa. Bendera ya kijani: tunaona vizuri, papa hatujamwona. Nyeusi: hatuoni vizuri. Nyekundu: kaa macho. Nyeupe yenye picha ya papa, pamoja na king'ora? Hiyo haihitaji tafsiri.

Lakini cha kuogopa zaidi hakina meno. Je, wajua kuwa sehemu ya ufuo iliyotulia, katikati ya povu la kushoto na povu la kulia, ndiyo mara nyingi yenye hatari? Pale maji yanarudi baharini kwa mkondo unaoweza kufika mita 2.4 kwa sekunde, kasi ya bingwa wa Olimpiki wa kuogelea. Usishindane nao. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke, ndipo urudi.

Haya, ubao wenyewe. Duke Kahanamoku wa Hawaii, aliyepata dhahabu ya kuogelea Olimpiki ya 1912, alikuwa na ubao wa karibu mita 5 wenye uzito wa kilo 52. Mfuko wa saruji na zaidi, begani! Wewe utapewa wa sponji wa futi 8 au 9, mwepesi, ambao ukikugonga kichwani utaishia kucheka. Ile kamba ya kufunga ubao mguuni nayo ina kisa. Mwaka 1971 Jack O'Neill, mtengeneza mavazi ya kuogelea kwenye maji baridi, alikuwa akiijaribu, ubao ukamrudia, akapoteza jicho la kushoto. Akavaa kitambaa jichoni kama nahodha, na picha hiyo ikawa nembo yake.

Nawe usidhani mambo haya ni ya Hawaii tu. Katika miaka ya 1830 msafiri James Alexander aliwakuta wavulana wa Accra, Ghana ya leo, wakilalia vibao vyepesi na kupanda mawimbi hadi ufuoni. Hakuna mgeni aliyewafundisha!

Na kwetu Kenya? Umeshajiuliza kwa nini Diani maji yametulia kama ya beseni? Mwamba umesimama kule nje, unayapokea mawimbi yote, sisi tunaletewa masalio. Lakini Malindi mwamba umekatika, kwa sababu matumbawe hayapendi maji yasiyo na chumvi na tope la mto Sabaki. Kusi likivuma, ghubani yanaingia mawimbi ya haja. Angalia tu kalenda ya mwezi: siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ufuo wa asubuhi siyo ule wa mchana.

Moja ya mwisho, kisha uniache ninywe chai yangu. Waikiki kuna sanamu ya shaba ya yuleyule Duke, mikono imekunjuliwa, shada shingoni, ubao nyuma yake. Amewageukia watalii. Tangu isimamishwe mwaka 1990 wapo wanaonung'unika, kwani mwanafunzi wa siku ya kwanza anaambiwa kabla hata hajalowa: usiipe bahari mgongo!