Mtihani Humpima Nani: Mtoto au Shule?

Kwa miaka mingi, kila yalipotangazwa matokeo ya mtihani wa darasa la nane, yaani KCPE, wazazi wa Nairobi walikimbilia magazeti kutazama ni shule ipi iliyotangulia. Mwalimu mkuu ambaye shule yake ilikuwa juu alibebwa mabegani. Yule wa chini aliulizwa maswali makali.

Mtihani huo ulianza mwaka 1985 ukakoma mwaka 2023. Katika miaka yake ya mwisho ulikuwa na masomo matano na alama 500. Yafaa shule iulizwe inavyowafundisha watoto, kwa maana fedha za umma ni amana. Lakini je, orodha ile ilipima kazi ya mwalimu?

Kutoka Lavington hadi Kawangware ni mwendo mfupi wa miguu. Hata hivyo, mtoto mmoja ana taa, vitabu na mwalimu wa jioni nyumbani. Mwenziwe husoma katika chumba kimoja pamoja na jamaa yake yote. Tena, elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka katika shule za Kenya, na madarasa mengi yakafurika. Kuzilinganisha shule hizo kwa alama tupu ni kuwashindanisha wakimbiaji walioanzia mahali mbalimbali.

Ubaya mwingine ulifuata. Ziko shule zilizowarudishia watoto wazito darasa, au kuwaandikisha katika kituo kingine, ili wastani usishuke. Kwa sababu ya mashindano mabaya ya namna hiyo, Serikali ilipiga marufuku orodha hizo mwaka 2014.

Hata hivyo, mtihani waweza kuwa taa. Katika miaka ya 1970 Wizara ya Elimu ilipeleka mashuleni jarida lililoeleza ni maswali gani yaliwashinda watoto, na kwa nini. Mwalimu aliyelisoma alijua pa kutengeneza. Orodha ilimwambia tu kwamba ameshindwa.

Siku hizi mtihani wa gredi ya sita, KPSEA, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, haumfungii mtoto mlango wa gredi ya saba. Basi mzazi aendapo shuleni asiulize tu, “Tumekuwa wa ngapi?” Na aulize, “Mtoto wangu hajui nini bado, na mtamsaidiaje?” Shule iliyo na jibu la swali hilo ndiyo inayofanya kazi yake.