Programu Moja kwa Wakati Mmoja

Programu ya kuhifadhi nakala za data huamshwa na cron, kipanga-ratiba cha Unix, kila baada ya dakika 5. Kwa kawaida humaliza kwa dakika 2. Siku diski ikielemewa, dakika 5 hazitoshi, na cron haiulizi kama ya kwanza imekwisha: inawasha ya pili. Zote mbili zinaandika kwenye faili lilelile, zinagombania diski, zinazidi kuchelewa, na ya tatu inaingia. Kukicha, seva imezidiwa na nakala yenyewe haisomeki.

Wengi hutibu hivi: programu ikiwaka, itazame kama faili fulani la kufuli lipo, kama halipo, iliunde, na ikimaliza ilifute. Hatari iko kati ya kutazama na kuunda. Programu mbili zikitazama kwa pamoja, kila moja itaona pako wazi, na zote zitaingia. Mfumo endeshi unaweza kuyafanya hayo mawili kuwa tendo moja lisilogawanyika, na mwanya ukazibika. Lakini umeme ukikatika, faili linabaki, na programu itagoma kuwaka wakati hakuna inayofanya kazi. Ndipo watu huandika ndani yake namba ya mchakato, ili anayekuja ahakikishe kama mwenyewe yu hai. Namba hizo nazo hutumika tena: mipaka ya kawaida ya Linux kwa miaka mingi ilikuwa 32768, kisha hesabu huanza upya. Namba ya marehemu hupewa mwingine kabisa.

Kwa hiyo nasisitiza: kufuli lishikwe na mfumo endeshi wenyewe. Unix ya Berkeley ilileta flock, wito wa mfumo wa kufunga faili, katika toleo la 4.2, mwaka 1983. Leo ipo pia amri yenye jina hilohilo, na kwenye cron inatosha kuandika:

flock -n /run/lock/nakala.lock /usr/local/bin/nakala

Hiyo -n inamwambia atakayekuta kufuli limeshikwa aondoke. Bila hiyo atasubiri, na foleni itaanza kujipanga. Programu ikifa kwa namna yoyote, mfumo endeshi huyafunga mafaili yake na kufuli linaachiliwa, mradi haikuacha mchakato mtoto uliorithi faili hilo likiwa wazi. Windows hufikia lengo hilo kwa mutex (kufuli la mfumo endeshi) yenye jina. Jina lisipoanza na Global\, watumiaji wawili walioingia kwenye kompyuta moja wataweza kuwasha kila mmoja yake.

Faili la kufuli lisifutwe. Ukilifuta likiwa limeshikwa, anayefuata ataunda jipya lenye jina lilelile, atalifunga bila kizuizi, na programu mbili zitakuwa kazini, kila moja na kufuli lake halali.