Sucré, fanta ao soda: chupa ni ileile, jina linabadilika njiani

Mtu anashuka kwenye gari pale Katana-centre, vumbi ya njia ya Nyabibwe ikingali kwenye viatu. Anaenda moja kwa moja kwenye kibanda. «Mama, unipatie sucré moya ya baridi.» Mama anajibu: «Ya namna gani? Coca, Fanta ao Vital'O?» Hakuna wa kushangaa, ni luga yetu ya kila siku. Lakini mchimbaji hakai mahali pamoja. Leo ni Nyabibwe, mwaka ujao ni Kamituga, na kuna wenye walifika mpaka kwenye dhahabu ya Geita, Tanzania. Kila mahali kinywaji ni kilekile, jina siyo lile.

Sucré ni Kifaransa: kitu chenye sukari. Kwa nini tuseme hivyo? Sababu hapa kwetu, ukisema tu «tuende tukunywe», watu wanaelewa pombe: Primus, ao kasiksi ya ndizi. Kwa hiyo kwenye karamu mgeni anaulizwa: «Uko nakunywa pombe ao sucré?» Mama mwenye mimba, mlokole, mtoto, dereva mwenye akili: sucré. Neno hilo linaonyesha mtu zaidi kuliko kile kiko ndani ya chupa. Na maji, hata yakiuzwa kwenye chupa, hayaitwi sucré.

Ukivuka Ruzizi, kule Rwanda na Burundi, sucré inageuka fanta. Fanta ni jina la kinywaji kimoja tu cha kampuni ya Coca-Cola. Kilianzia Ujerumani mwaka 1940, wakati vita vilizuia dawa ya kutengenezea Coca kufika kule. Lakini kwa jirani zetu jina hilo limemeza yote: wanasema fanta citron, hata fanta coca. Sisi tunacheka, lakini hapo ndipo mambo ya ndoa yanaharibika. Familia ya binti wa Bujumbura inaandika kwenye karatasi: «fanta, casier tano». Wakwe wa Katana wanaleta casier tano, zote za Fanta ya machungwa. Hakuna aliyedanganya, na bado watu wananuna mpaka jioni. Ndugu zangu, kwenye karatasi ya mahari muandike jina la kila chupa na hesabu yake.

Tanzania, Kenya na Uganda ni soda, neno la Kiingereza. Mwenye kutoka kule anarudi nalo, na vijana wa hapa wanamutania kwamba amekuwa Mswahili wa pwani. Muuzaji wa kule anauliza: «Ya baridi au ya moto?» Usiogope, hakuna aliyeichemsha, ya moto ni ile haikuingia kwenye frigo.

Wazee wengine wanakumbuka limonade. Neno hilo limejificha kwenye majina ya viwanda: «li» ya Bralima ni limonaderies, na ni vilevile kwa Bralirwa ya Rwanda. Watu wanakunywa kila siku na hawaoni limonade imeandikwa pale.

Na mutobe? Maji matamu ya ndizi, mbele haijachacha kuwa kasiksi, ina sukari kuliko chupa yoyote, lakini sijasikia mtu wa Bushi akiiita sucré. Sucré ni ya kununua. Mutobe ni ya nyumbani, na mimi naona ni vizuri ibaki na jina lake.

Kuna sucré ingine ambayo mchimbaji anaijua kuliko hizi zote, na haina chupa. Kwenye bariyeri, mfuko wa mchanga ukiwa juu ya moto, anasikia: «Mukubwa, utuachie ya sucré.» Kenya wanaiita chai. Hiyo ni pesa, na siku zingine inapita bei ya casier nzima. Taxe ya Serikali unapaswa kuipatiwa quittance, yenye muhuri na hesabu imeandikwa. Sucré haina quittance. Mwenye kurudi nyumbani na pesa ya wiki nzima anaacha kidogo hapa, kidogo pale, na akifika bibi anamuuliza minerval ya watoto iko wapi. Ajibu nini? Kwamba alikunywa sucré?

Mchimbaji mmoja alinieleza dawa yake. Anabeba chupa ya kweli kwenye mfuko wa koti. Wakimuomba sucré, anaitoa na kuinyoosha kwa mikono miwili, kwa heshima: «Chef, ni hii.» Wengine wanacheka na kumufungulia njia. Mara moja tu ilikataliwa. Askari aliishika, akamurudishia: «Hii iko moto.»