Biashara ya madirisha Malawi: Lilongwe si Dzaleka

WAFANYABIASHARA wanaopakia vioo na fremu za alumini kutoka Dar es Salaam kwenda Malawi wamezoea kupiga hesabu ya mambo mawili, nauli na ushuru. Kwa madirisha ya kuzuia joto na baridi lipo jambo la tatu, ambalo aghalabu huonekana mzigo ukiwa umeshashushwa: nyumba inayobadilishiwa dirisha ni ya nani.

Soko lipo. Lilongwe iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai ni wa baridi na mchana wa Oktoba ni wa joto kali. Kioo kimoja cha kawaida hupitisha joto karibu mara mbili ya dirisha la vioo viwili vyenye nafasi ya hewa iliyozibwa katikati. Fremu ya alumini ya kawaida nayo hupitisha joto, ingawa wauzaji wengi hawalisemi hilo kwa mteja.

Sheria ya kumlazimisha mteja anunue ndiyo ambayo mfanyabiashara asiitegemee. Uingereza na Wales, tangu Aprili 2002, anayebadilisha dirisha la nyumba hutakiwa kufuata kipimo cha upotevu wa joto. Afrika Kusini nayo ina kanuni za mwaka 2011 zinazogusa vioo katika majengo mapya. Malawi, Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2016 inashughulikia ruhusa ya kujenga na kuendeleza eneo, haisemi kioo kipitishe joto kiasi gani. Kwa hiyo Lilongwe dirisha hili huuzwa kwa faida yake tu, na fundi anayepanua tundu la ukuta au kugusa linta anaingia katika kazi ya ujenzi inayosimamiwa na Halmashauri ya Jiji. Kubadilisha kioo na fremu ndani ya tundu lile lile ni kazi nyepesi zaidi. Mpangaji, awe wa nyumba ya mtu binafsi au ya Shirika la Nyumba la Malawi (MHC), anahitaji kwanza idhini ya mwenye nyumba.

Mpakani

Tangu mwaka 2023 Tanzania ina kiwanda kikubwa cha vioo Mkuranga, mkoani Pwani, na hilo limebadilisha hesabu. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, hivyo mzigo wake unapata nafuu ya ushuru Malawi kwa njia ya SADC, na cheti cha asili ya bidhaa kiwe cha SADC. Mkenya hutumia cheti cha COMESA. Utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo haufanyi kazi mpaka wa Kasumulu na Songwe, ingawa wapo wanaofika pale wakiuulizia. Kioo kilichotoka nje ya kanda na kufungashwa upya tu Dar es Salaam hakigeuki kuwa cha Tanzania.

Namba ya forodha nayo iangaliwe. Kioo bapa cha kiwandani ni 7005, vioo viwili vilivyounganishwa tayari ni 7008, dirisha la alumini ni 7610, la chuma 7308 na la plastiki 3925. Fremu na vioo vyake vikija pamoja vikiwa vimefunguliwa vinaweza kuhesabiwa kuwa dirisha kamili. Wakala anayeandika "vioo" kwa mzigo wa namna hiyo anamtafutia mteja wake ukaguzi na malipo ya ziada.

Kabla ya kufika Lilongwe

Lori linalotoka kaskazini kwa barabara ya M1 huikuta njia ya kwenda Dowa kabla ya kuingia mjini. Huko ndiko iliko kambi ya Dzaleka, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 katika eneo lililokuwa gereza, kwa watu 10,000 hadi 12,000, na sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wakiwa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili kinatosha kufanya biashara, jambo linalowavutia wauzaji kutoka Tanzania.

Lakini ardhi ya kambi si mali ya mkazi. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, mwaka 1987, iliweka masharti juu ya ibara kadhaa, zikiwemo ya 13 kuhusu mali na ya 26 kuhusu uhuru wa kutembea. Mkimbizi anaweza kujenga kwa tofali za udongo na kuweka dirisha zuri kwa fedha yake, asiwe na hati ya kiwanja cha kuweka rehani.

Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warudi Dzaleka ifikapo Aprili 15. Mwezi Mei ulifuata msako, Lilongwe ikiwemo, na maduka yakafungwa. Aliyekuwa amewakopesha wenye maduka hayo bidhaa alikuwa na deni kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuuzia.

Dirisha ni gumu kuliko hata sukari au vitenge, kwa sababu kwa kanuni ya sheria kitu kilichofungwa ukutani kwa saruji na skurubu huwa sehemu ya nyumba. Mkopo ukikwama, muuzaji hawezi tu kwenda kuking'oa. Akiuza Lilongwe, aandikishane na mwenye nyumba mwenyewe, si mpangaji wala fundi. Akiuza Dzaleka, malipo yakamilike kabla mzigo haujashuka, na oda ya fremu zilizokatwa kwa vipimo maalumu idai malipo ya awali yanayofidia gharama ya kuzikata, kwa kuwa dirisha lililokatwa kwa tundu la nyumba moja mara chache huingia kwenye nyumba nyingine.