Baridi yabisi: Mwili unapojishambulia wenyewe

ALFAJIRI katika Soko la Toi, Kibera, wauzaji wa mitumba hufungua marobota. Mama akishindwa kukunja vidole, wenzake humwambia ni kijibaridi cha Nairobi. Jina lenyewe, baridi yabisi, linawapotosha: maradhi haya hayaletwi na baridi.

Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na viini, hukosea na kuushambulia utando laini wa ndani ya viungo. Utando huo huvimba, kisha hula gegedu na mfupa. Kwa kila mwanamume anayeugua, huugua wanawake wawili au watatu.

Vidole vya mikono yote miwili huvimba, na ukakamavu wa asubuhi hudumu zaidi ya nusu saa. Uchovu wa kubeba robota hupungua ukipumzika. Ukakamavu huu huzidi.

Hatari kubwa imo katika vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa dukani kila siku. Maumivu hutulia ilhali kiungo kinaendelea kuliwa, na tumbo na figo hudhurika. Methotreksati, dawa inayozuia mashambulizi yenyewe, humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, kwa maagizo ya daktari, mjamzito hapewi. Ikianzwa mapema, vidole vingi huokolewa. Vikishapinda, haivinyooshi.