Kinywa kinawaka, kidonda hakionekani: Mate yanavyosaidia kusaka chanzo

Asubuhi mama anaamka vizuri. Ikifika saa nne, ncha ya ulimi inaanza kuwasha kama aliyelamba pilipili. Jioni, familia ikiwa mezani, anasogeza pembeni bakuli la mchuzi wenye ndimu.

"Mama, mbona huli?"

"Ulimi unawaka moto, mwanangu."

Anamulikwa mdomoni kwa tochi ya simu. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe, hakuna jino lililotoboka. Wiki inapita, mwezi unapita, na nyumbani maneno yanaanza: ni umri, ni mawazo, anadeka, pengine amelogwa. Wapo wanaofikia hatua ya kung'olewa jino zima, kisha la pili, na maumivu yakabaki palepale.

Madaktari wa kinywa wanaitambua hali hii. Ni maumivu ya kuwaka moto yanayojirudia kila siku kwa zaidi ya saa mbili, kwa muda unaozidi miezi mitatu, huku kinywa kikionekana kizima. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Wengi hulalamika pia kwamba kinywa kimekauka, au kuna ladha chungu au ya chuma isiyoondoka. Wengine hupata nafuu wakati wa kula, jambo linalowafanya ndugu waone kama wanasingizia.

Hawasingizii. Watafiti waliochukua vipande vidogo vya nyama ya ulimi kwa wagonjwa wa aina hii walikuta nyuzi ndogo za neva zimepungua. Maumivu ni ya kweli, ila macho hayayaoni.

Kwa nini mate?

Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Zaidi ya asilimia 98 ni maji, lakini kiasi kidogo kinachobaki kina kazi kubwa: protini za utelezi zinazofunika ulimi na mashavu kama utando wa kinga, kingamwili za kupambana na vijidudu, na homoni, ikiwemo ile ya msongo iitwayo kotisoli. Mate hayahitaji sindano, na yanaweza kuchukuliwa mara nyingi bila kumuumiza mgonjwa.

Kipimo cha kwanza ni cha wingi. Mgonjwa huambiwa asile, asinywe, asivute sigara wala kupiga mswaki kwa angalau saa moja kabla. Kisha hukaa ametulia, ameinamisha kichwa, na kuacha mate yatiririke kwenye kichupa chenye alama kwa dakika 5 hadi 15. Yakiwa chini ya mililita 0.1 kwa dakika, hayo ni machache mno. Hapo daktari huuliza kuhusu dawa anazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha, za mzio na za sonona hukausha kinywa. Kisukari nacho hukausha.

Kipimo cha pili ni cha vijidudu. Mate yakioteshwa maabara yanaweza kuonyesha fangasi wengi kinywani, hata pale ambapo utando mweupe hauonekani. Fangasi hutibika.

Hatua ya tatu bado iko mikononi mwa watafiti zaidi kuliko hospitalini. Katika Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, kwa mfano, watafiti wamechunguza protini za utelezi zilizomo kwenye mate ya wanawake wenye maumivu haya, wakizilinganisha na za wanawake wasio nayo. Wanachotafuta ni kujua kama kinga ya kinywa imebadilika na kuziacha neva wazi. Hadi sasa hakuna kipimo cha mate kinachoweza peke yake kusema "huyu anao, huyu hana".

Ndiyo maana damu nayo hupimwa: sukari, wingi wa damu, madini ya chuma, vitamini B12, foliki asidi na homoni za tezi ya shingo. Upungufu wa chuma au B12 unaweza kuufanya ulimi uwake, na ukirekebishwa, maumivu huweza kwisha. Vyote vikiwa sawa, daktari huelekeza tiba kwenye neva zenyewe.

Familia ifanye nini?

Kwanza, amini. Mgonjwa anayeambiwa "huna kitu" huacha kusema, na asiyesema hatibiwi.

Pili, andikeni kwa wiki mbili: maumivu yanaanza saa ngapi, yanazidi kwa chakula gani, na dawa zote anazomeza. Nendeni na karatasi hiyo kliniki. Asiache dawa ya presha kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari ndiye atakayeibadilisha ikibidi.

Tatu, punguzeni pilipili, ndimu, ukwaju, pombe, sigara na dawa za meno zenye mnanaa mkali. Maji yanywewe kidogo kidogo, mara kwa mara. Chingamu isiyo na sukari husaidia kuamsha mate. Meno bandia yavuliwe usiku na kusafishwa.

Nne, msikubali jino ling'olewe kabla daktari hajaonyesha kasoro yake.

Kuna jambo moja lisilosubiri. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe, au shida ya kumeza ni dalili za kwenda hospitali mara moja, hasa kwa anayetumia tumbaku, kwa sababu saratani ya kinywa inaweza kuanza hivyo.

Na kwa mama yule wa mezani, kinachohitajika leo ni rahisi zaidi: chakula chake kipakuliwe kabla pilipili na ndimu havijatiwa, na mtu wa kumsindikiza kliniki.