Shuka Jekundu katika Picha Nyeusi

Chukua mfano wa shule ya sekondari katika kata ya Dirma, wilayani Hanang, inayotaka kuchapa fulana zake. Picha iliyochaguliwa ni ya mchungaji aliyejifunika shuka jekundu, na nyuma yake Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Fedha zinatosha rangi mbili tu, kwa kuwa kila rangi hudai fremu yake. Hivyo picha nzima itakuwa nyeusi, na shuka peke yake litakuwa jekundu. Kazi hii yaonekana rahisi. Lakini ikitayarishwa vibaya, shuka hutoka jeusi na mchungaji hugeuka doa.

Jinsi skrini inavyofanya kazi

Skrini ni wavu mwembamba uliowambwa juu ya fremu na kupakwa dawa inayoganda kwa mwanga. Filamu yenye picha huwekwa juu ya dawa hiyo, kisha mwanga humulikwa. Mahali palipopigwa na mwanga dawa huganda. Palipozuiwa na weusi wa filamu, dawa huoshwa kwa maji na kuacha matundu wazi. Hapo ndipo wino hupenya. Asili ya maarifa haya ni ya mwaka 1839, Mskoti Mungo Ponton alipogundua kwamba chumvi ya daikromati hubadilika kwa mwanga.

Kijivu kisichokuwapo

Wino mweusi haujui kijivu: ama umo, ama haumo. Kwa hiyo vivuli vya picha hugeuzwa kuwa nukta, kubwa penye giza na ndogo penye nuru, na jicho huzichanganya likaona kijivu. Nukta zisipite uwezo wa wavu. Wavu wa nyuzi 60 kwa sentimita moja hubeba vizuri safu 12 za nukta kwa sentimita, yaani nyuzi tano kwa kila safu. Tena, kwa kuwa wino hutanuka katika kitambaa, vivuli vya kati hapana budi vipunguzwe weusi kabla ya kuchapa.

Tatizo la shuka

Picha ya rangi ikigeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe kwa njia ya kawaida, shuka jekundu huwa kijivu kizito. Nukta zake nyeusi zitaufunika wekundu wote. Dawa yake ni kichujio chekundu. Kichujio hicho hupitisha mwanga mwekundu na kuzuia wa kijani na wa buluu; hivyo shuka huonekana jeupe, na mikunjo yake tu ndiyo hubaki na kivuli. Katika kompyuta, matokeo hayo hupatikana kwa kuchukua sehemu nyekundu ya picha peke yake. Kwa kuwa majani na anga huwa meusi zaidi kwa njia hii, yafaa itumike kwenye eneo la shuka tu.

Filamu ya pili huonyesha umbo la shuka, bila vivuli. Ijapokuwa wino wake utakuwa mwekundu, filamu yenyewe lazima iwe nyeusi tititi, kwani kazi yake ni kuzuia mwanga. Alama za msalaba huwekwa pembeni mwa filamu zote mbili ili zilingane. Wekundu huchapwa kwanza, ukakauka, kisha weusi hufuata juu yake na kuchora mikunjo.

Tahadhari na jaribio

Daikromati huweza kusababisha saratani, wala haifai shuleni. Zitumike dawa zisizo na kromu, kama vile za diazo.

Mwalimu aweza kuanza bila skrini. Wanafunzi watazame kitambaa chekundu, karatasi nyeupe na jani bichi kupitia karatasi ya nailoni nyekundu inayoangaza. Waandike vitu viwili vinavyokaribia kufanana na kimoja kinachofifia gizani, kisha waeleze: kama shuka la mchungaji lingekuwa la kijani, kichujio cha rangi gani kingefaa?